Moyo wa Mama Ulivyopimwa

Mbita,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kaka yangu Cephas,

Kwa masikitiko makubwa, familia inatangaza kifo cha redio ya Mama, kilichotokea ghafla Jumanne katikati ya matangazo ya vifo. Mama mwenyewe aliipiga makofi mawili mgongoni, akasikiliza, akasema imekwenda. Imelazwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa.

Baada ya hayo, salamu. Natumaini huko Migori mko wazima, wewe, wifi Damaris na watoto. Sisi tupo. Ziwani omena zimepungua, mbuta zinakuja, na kisu changu bado kinakata.

Nilipata ujumbe wako kwamba kanisa lenu linamwombea Mama, na kwamba unakuja kumchukua akae kwenu karibu na hospitali. Ngoja kwanza nikueleze safari ya Homa Bay ilivyokuwa. Kwenye simu nilishindwa, maana nikikupigia Mama husogeza kiti karibu asikilize.

Unajua Mama hufa kila mwaka tangu tumzike Baba. Mwaka huu alijiandaa vizuri. Sufuria kubwa alimpa jirani yetu Awino, akamwonyesha na gauni la kuzikwa, lile la kijani, akamwonya asikubali avalishwe la maua kwa sababu linambana kwapani. Kule hospitali mashine ya kupima moyo iko ghorofani. Mama alipanda ngazi na mkoba wake, na wangu pia, akilalamikia moyo wake mpaka juu. Mimi nilikaa ngazi ya tano nikitafuta pumzi. Daktari, msichana mmoja anaitwa Millicent, alitutazama wote wawili.

Mama alipakwa mafuta baridi kifuani, moyo wake ukatokea kwenye kioo. Mimi nimepasua mbuta miaka tisa, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Moyo wa samaki ni mdogo na kazi yake ni moja: unasukuma damu kwenye matamvua, ikishachukua hewa inaendelea mwilini, kisha inarudi. Ukiutoa ukauweka ubaoni unapigapiga kidogo, kama haujaambiwa kuwa samaki amekufa. Nikamuuliza daktari mbona wa mtu una vyumba vinne. Akasema damu yetu sisi huzunguka mara mbili. Upande wa kulia unaipeleka mapafuni kuchukua hewa, inarudi upande wa kushoto, na huo ndio unaisukuma mpaka kwenye vidole vya miguu. Ndani kuna milango midogo inayofunguka upande mmoja tu, damu isirudi ilikotoka. Ule mdundo tunaousikia kifuani ni milango ikifungwa.

Ya Mama inafungwa sawasawa. Daktari alisema huo ni moyo wa kulima bonde zima la Lambwe bila kupumzika. Mama hakusikia, alikuwa nyuma ya pazia akivaa na kuguna. Alipotoka kwenda kutafuta kiti, daktari aliniuliza kama utotoni niliwahi kuvimba magoti. Utakumbuka, darasa la tano, baada ya kuumwa koo, uliponibeba mgongoni kwenda shule mwezi mzima na kunidai mahindi ya kuchoma kila Ijumaa. Akaniambia nipande kitandani.

Cephas, mlango unaovuja ni wangu. Ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Ile homa ya koo na magoti iliukunja, sasa haufungi vizuri, damu nyingine inaenda na nyingine inarudi. Daktari alieleza vizuri sana. Mimi nilikuwa nahesabu madoa ya dari. Yalikuwa kumi na saba. Tangu siku hiyo nangoja woga uje, na haujafika.

Nilipotoka, Mama aliniuliza daktari amesema nini. Nikasema kuna mlango wa moyo unavuja. Sikusema wa nani. Akanishika mkono, akasema si aliwaambia. Uso wake ulipumzika, nikakosa nguvu za kumnyang'anya ugonjwa wake. Sasa yeye ndiye analala mchana, mimi nachota maji. Nilimpa vidonge vya vitamini, anasema vinamsaidia. Vyangu viko ndani ya mkebe wa majani chai.

Kwa hiyo usije kumchukua Mama. Njoo Jumatatu tarehe kumi na nne twende wote Homa Bay. Wanataka nifanyiwe upasuaji na ndugu atie sahihi. Mama nitamwambia wewe ukiwepo. Peke yangu nimejaribu mara tatu, nikaishia kumuuliza kama atakunywa uji. Kanisani waambie waendelee tu kuomba, wabadilishe jina.

Nisalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu kutoka kitandani.

Dada yako,
Phanice

Nimesahau: Awino amepita hapa sasa hivi, akaifungua redio. Ilikuwa imeisha betri.