Siku Imani Alipokataa Kunywa

Kukhu wangu mpendwa,

Jina hilo halikuwa langu kukuita. Wewe ulikuwa Kukhu wa Imani, nyanya yake mzaa baba, na kwangu ulikuwa mama mkwe. Lakini mtoto alipoanza kusema alikuita hivyo kwa lugha yenu ya magharibi, nami Mkamba wa watu nikamfuata, na mpaka leo sijapata jina jingine linalokutosha.

Ni Jumapili, tumetoka kanisani. Mwanao Wafula amempeleka Imani kwenye ukumbi wa mtaa kuwatazama watoto wakicheza ngoma, na nyumba hii ya Kaloleni imetulia isivyo kawaida yake. Nimeketi mlangoni, pale ulipopenda kuota jua la asubuhi. Nina habari ya kukupa. Lakini acha kwanza nikumbuke, maana habari yenyewe haina maana bila ile siku.

Ulikuja hapa Nairobi kutibiwa macho. Ulifika na kuku hai, mkungu wa ndizi na mboga za kienyeji zilizofungwa kwenye leso, na ulipovuka kizingiti ulinipa mkono kama unavyompa mkono mwalimu wa shule. Nilijua ulitamani mwanao aoe huko kwenu. Hukuwahi kulisema, ila nilipokupikia muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ulionja kidogo ukadai umeshiba, na kesho yake ukapika mrenda, mboga ya kwenu, nami nikashindwa kabisa na ule utelezi. Mimi sikujua lugha yako na wewe hukujua yangu. Tukawa tunaongea Kiswahili cha adabu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya maji.

“Umeamkaje, mama?”

“Nimeamka salama, Mama Imani.”

Basi. Hapo maneno yalikuwa yameisha mpaka jioni.

Wafula alikuwa safarini na lori, njia ya Malaba, wakati Imani alipougua. Alikuwa ndio kwanza anatembea, anashika ukuta, anaanguka, anacheka. Jioni moja alitapika uji wake wote, na kulipokucha alikuwa anaharisha bila kupumzika. Nilimkimbiza kliniki. Nesi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alinipa vidonge vya zinki na pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi.

“Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara,” aliniambia. “Akitapika, ngoja kidogo, halafu uanze tena polepole. Ziwa usimnyime. Lakini ukiona macho yameingia ndani, amelegea, au hakojoi, usingoje. Mlete.”

Ilisikika kuwa kazi rahisi. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikachanganya kama pakiti ilivyoelekeza. Imani alionja mara moja, akakunja uso, akafunga mdomo. Kikombe alikisukuma. Chupa aliitupa chini ya meza. Nilitumia bomba la sindano lisilo na sindano, akanitemea kifuani. Nilimpa ziwa akageuza kichwa. Mwishowe nilimshika kidevu nimlazimishe, na yale machache aliyokuwa amemeza yakarudi yote. Niliketi sakafuni nikalia. Mtoto naye analia. Nepi zinadondosha maji kambani huko nje.

Wewe ulikuwa hapa mlangoni, unatutazama.

“Mama Imani,” ulisema, “nipe mimi. Wewe kaa, upumue.”

Nitakwambia ukweli: nilidhani unanikejeli. Lakini nilikuwa nimechoka, nikakupa.

Nami nilitarajia utamshika mtoto. Hukumgusa. Ulimimina yale maji kwenye kikombe chako cha bati, ukaketi kwenye mkeka, ukampa mgongo kama mchoyo anayekula peke yake, ukanywa kwa sauti.

“Aaah! Tamu! Hii ni ya Kukhu. Mtu asiguse.”

Imani akanyamaza. Ukanywa tena. Ukalamba kijiko. Akajikokota kwenye mkeka, akavuta gauni lako.

“Wapi! Nimekataa. Ni yangu.”

Akavuta tena, sasa kwa hasira. Ndipo ulipokiachilia kijiko kidogo, kana kwamba umeporwa, akakimeza akikutazama usoni kama mtu aliyeshinda kesi. Nilitaka kupiga vigelegele. Ulinikata jicho.

“Usishangilie,” ulininong’oneza. “Akijua tunataka anywe, tumekwisha.”

Tuliendelea hivyo asubuhi nzima. Anaiba kijiko, unalalamika, anapumzika, anaiba kingine. Ulilalamika vizuri mno, Kukhu! Ulimshtaki kwangu, ukamshtaki kwa kuku aliyefungwa mguu pale nje, ukasema utapanda basi urudi Bungoma kwa sababu mji huu umejaa wezi. Nilicheka. Hiyo ilikuwa mara yako ya kwanza kunisikia nikicheka, na nilikuona ukitabasamu ndani ya kikombe.

Mchana mambo yaligeuka. Imani alitapika tena, kisha akalala, na usingizi ule haukuwa usingizi. Nilimwamsha kwa shida. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Nepi niliyomvika asubuhi ilikuwa bado kavu. Uliingiza kidole chako kinywani mwake, ukagusa ulimi, ukasimama.

“Twende.”

Ulivaa gauni lako la kitenge la kanisani. Nilikuhimiza, mama haraka, na wewe ukanijibu kuwa hospitalini hakuendwi na nguo za jikoni, huku unafunga vifungo na kuvikosea. Kumbe uliogopa kuliko mimi. Nilimbeba mtoto, wewe ukanishika kiwiko kwa sababu ya macho yako, na mkono wa pili ukabeba chupa ya ORS. Tulipita kati ya nyumba za mawe, tukavuka barabara, na kila tuliposimama ulipapasa kinywa chake ukamtilia tone.

Nesi alimfinya ngozi ya tumbo, akamtazama macho, akamjaribu na kijiko.

“Amepungukiwa na maji,” alisema. “Lakini bado anameza, na hilo ni jambo zuri. Tutaendelea kwa mdomo, hapa hapa nikimwona. Akishindwa, tutampitishia mpira puani. Ikibidi, tutampeleka hospitali kubwa. Msiache.”

Alitukalisha kwenye benchi karibu na dirisha. Mimi kijiko, wewe kijiko. Hapakuwa tena na mchezo wa kuiba, mtoto hakuwa na nguvu za wizi. Ulikuwa unamgusa mdomo wa chini, anafungua kidogo, unamimina pembeni mwa shavu, unangoja ameze. Akitapika unamfuta, unangoja, unaanza tena. Sijapata kuona subira ya namna ile.

Na hapo, bila kunitazama, uliniambia.

“Wafula si kifungua mimba wangu.”

Nilimfuta Imani kidevu. Nikakuachia nafasi.

“Kulikuwa na msichana. Nasimiyu. Alizaliwa wakati wa kiangazi. Alishikwa na tumbo kama huyu, akiwa mkubwa kama huyu. Alililia maji, Mama Imani. Huyu anakataa maji, yule aliyalilia. Na watu wazima wote wa boma waliniambia nisimpe. Walisema maji yanaongeza kuhara. Nami nilikuwa msichana tu, nimeolewa juzi. Ningebishana na nani?”

Kijiko kilikuwa mkononi mwako. Ulimpa Imani, akameza.

“Wafula hajui?” niliuliza.

“Baba yake alisema tusilitaje jina, nisije nikaharibikiwa na mimba nyingine. Baadaye likawa gumu kutamka. Usimwambie nikiwa hai. Nikishaenda, mwambie. Mtu asipotee kabisa.”

Nilikushika mkono. Hatukuwa tumeshikana mikono tangu ile siku ya kizingiti. Kiganja chako kilikuwa kikavu, chenye sugu za jembe, na hukukivuta.

Sijui tulikaa muda gani. Jua lilihama kutoka kwenye benchi likaenda ukutani. Akina mama waliingia na kutoka. Ilikuwa zamu yako kumpakata, nepi tumeivua ili tuone, tumemfunika leso tu. Ghafla ulishtuka, ukatazama chini. Doa lilikuwa linapanuka kwenye kile kitenge cha kanisani, likashuka mpaka gotini.

“Amenikojolea!” ulipaza sauti. “Jamani, mtoto amenikojolea!”

Ukumbi mzima wa wagonjwa uligeuka. Mama mmoja asiyetujua alianza kupiga makofi. Nesi alikuja, akaona, akacheka, akasema, “Sasa hiyo ndiyo dawa.” Wewe ulicheka na kulia kwa pamoja, umenyanyua upindo wa gauni kama mtu aliyeletewa zawadi. Imani aliposhtushwa na kelele zetu aliangua kilio, na safari hii machozi yalimtiririka mpaka shingoni. Nikayafuta kwa midomo yangu. Yalikuwa na chumvi. Sijaonja kitu kitamu kuliko kile.

Tuliruhusiwa jioni, na maagizo yale yale ya kijiko na ziwa. Siku chache baadaye alikuwa anakimbiza kuku. Wafula alirudi akatukuta jikoni tukibishana ni nani aliyeharibu ugali, akasimama mlangoni na begi lake, akatazama mmoja kisha mwingine, akauliza, “Nini kimetokea hapa?” Tukamjibu kwa pamoja kuwa hakuna.

Ulirudi kwako macho yakiwa na nafuu. Baada ya hapo kila Jumamosi ulinipigia simu mimi kwanza, na mwanao baadaye. Ninazikosa simu zile. Nazikosa hata ulipokuwa ukikatikiwa na salio katikati ya neno, nami nakaa nikilimalizia mwenyewe.

Sasa habari yangu. Ulipotuacha tulikuja kukuzika, na wewe mwenyewe ungependa jinsi watu walivyofurika. Pasta aliposoma historia ya maisha yako alisema, “Amemwacha mwanawe wa kwanza, Wafula.” Nilitazama chini. Jioni, wageni walipopungua, nilimchukua Wafula tukaketi chini ya ghala la mahindi, nikamwambia kila kitu, kama ulivyonituma.  Kisha aliinuka akaenda kwa shangazi yake, yule mkubwa mnayemwita Senge, akamuuliza, “Dada yangu mlimlaza wapi?”

Senge hakumuuliza amejuaje. Alichukua fimbo yake, akatutangulia mpaka nyuma ya nyumba, ng’ambo ya migomba, penye kipande kidogo cha nyasi katikati ya shamba. Mahindi yamekizunguka pande zote.

“Mama yenu hakukubali palimwe,” alisema. “Kila msimu alisimama hapa mpaka ng’ombe wa plau wapite.”

Wafula alipiga magoti. Alisema yeye na wadogo zake walikuwa wakicheza kwenye kipande kile utotoni, na kila mara ulitoka jikoni ukawafukuza bila kuwaambia sababu, nao walidhani una hasira tu. Alitamka jina lake, taratibu, kama anajifunza. Imani, aliyekuwa ametufuata, akauliza Nasimiyu ni nani, na baba yake akamwambia, “Ni shangazi yako.”

Wiki iliyopita mvua zilianza huko nyumbani, na wadogo zake walipiga simu kuuliza habari za kulima. Wafula alikuwa amesimama hapa hapa mlangoni. Nilimsikia akisema, “Pale kwa dada, pitieni kando.”

Lala, Kukhu. Ninaamini sasa unamwita kwa jina lake kwa sauti, na kwamba ukimwita anaitika.

Mkaza mwanao,
Mama Imani