Bahari Yetu ya Mbuya

...na hapo ndipo simu ilipokatika, Yaya Julienne, kabla sijakuambia kwamba si mawe. Kila mtu anasema ni mawe. Hata wewe ulicheka ukaniuliza kama mume wangu amenioa kwa mapenzi au kwa kokoto. Ni wanyama, Yaya! Wana vinywa vidogo visivyoonekana, wanakula, wanalala, wananuna. Wanaitwa matumbawe, na haya yetu ni yale laini, yanayopepea majini kama kitambaa cha hariri mbele ya feni.

Lo, nimeanza kwa mbio hata sijakusalimu. Yesu asifiwe, dada yangu mkubwa. Mko wazima huko kambini Nakivale? Mgongo wako umepoa? Mahindi yamepata mvua? Wabusu watoto wote, hasa yule mdogo aliyelia kwenye harusi kuliko mama zetu wadogo. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nimeandika barua kwa sababu simu unayopokelea ni ya jirani, na haya ya leo sitaki yapite sikioni mwa jirani. Mtu wa kanisa letu anasafiri kuja huko, ndiye atakayekupa mkononi.

Najua unachotaka kujua kwanza. Siku ya harusi ulinivuta pembeni ukaniambia kwamba Valère ni mwanaume mpole, lakini mguu wake mmoja uko ndani na mwingine uko nje, na ukaniapisha kwamba siku nitakapojua kama atabaki nami au ataondoka, wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa. Leo nitakuambia. Ila niache kwanza niseme raha yangu yote, maana nisipoisema sasa sijui nitaisema lini.

Yaya, nimependwa! Hakuna mwanamke Mbuya nzima, hata Kampala yote, aliyependwa kama mimi. Unajua kazi ya Valère ni kuosha na kutunza matangi ya samaki kwenye majumba ya huku juu kilimani. Familia moja ilipohama ilimwachia tangi lao la kioo, na yeye akalibeba hadi kwenye chumba chetu na sebule yake, tukabaki bila pa kuweka meza. Akaniambia kwamba wengine huwapa wake zao kitenge, yeye atanipa bahari. Fikiria, yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari! Sisi sote ni watoto wa Ziwa Kivu.

Wiki ya kwanza ya ndoa alinipeleka Nateete kwa Bienfait, Mkongomani mwenzetu kutoka Uvira anayeuza samaki wa mapambo na, kwa wanaojua kuuliza, matumbawe. Mimi nilikimbilia la zambarau lililong'aa kuliko yote. Bienfait akanitania kwamba macho ya bibi harusi hununua rangi, na kwamba hata mume nilimchagua kwa shati. Valère alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akanifundisha kuchagua: usitazame rangi, tazama shina kama limeshika vizuri kwenye kijiwe chake, tazama kama limefunguka, na unuse maji ya mfuko. Lile la zambarau maji yake yalinuka kama yai viza. Tukachukua moja lenye vidole vinavyofumba na kufumbua mchana kutwa kana kwamba linaita watu, machache mapana kama uyoga, na moja kubwa la rangi ya maziwa ya chai linaloitwa tumbawe la ngozi.

Nilidhani tukifika nyumbani tutayamimina tu. Hapana! Mfuko ulielea kwanza ndani ya tangi mpaka joto likalingana, kisha Valère akayapa maji yetu tone kwa tone kwa mpira mwembamba, akisema kwamba mgeni hasukumwi mlangoni. Akayaogesha kwenye dawa ili yasije na wadudu. Akayaweka chini, mbali na taa, na kuyapandisha kidogo kidogo siku zilizofuata. Mimi nilikaa sakafuni nimeegemea goti lake, natazama yakifunguka moja moja. Yaya, sijui peponi kuna nini, lakini nitashangaa kama hakuna jambo kama lile.

Jirani yetu Husnah alikuja kuona, akashika kiuno, akauliza kama yanataga. Nikamwambia hayatagi. Akauliza kama yanaliwa. Nikamwambia hayaliwi. Akasema basi wenzetu hufuga kuku, ninyi mmeamua kufuga ugonjwa wa nyumba. Lakini kila jioni alikuwa anarudi na kigoda chake.

Nimekosea pia, nisikufiche. Maji ya tangi hupungua kwa sababu ya joto la taa. Mimi nikafikiri kwamba maji ya bahari yakipungua huongezwa maji ya bahari. Kila asubuhi Valère akienda kazini nilichanganya chumvi yake ya pakiti, nikajaza, nikajisifu. Baada ya siku kadhaa lile lenye vidole likaacha kuita watu, na la ngozi likajikunja likawa ngumi, likafunikwa na utando kama wa uji uliopoa. Valère akatumbukiza kipimo chake akapiga kelele kwamba tunayakausha kama dagaa. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba maji ndiyo yanayopaa, chumvi hubaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matamu, tena yaliyochujwa, si ya bomba yenye dawa. Tukarekebisha polepole kwa siku nyingi. Mengine yakafunguka. La ngozi likabaki limefumba, nikalia, nikataka kulitoa lisije likaoza na kuwaua wenzake. Akanishika mkono akasema nisubiri, hili huwa hivyo, hujifungia na kujivua ngozi, watu wengi wamelitupa likiwa hai. Na kweli, asubuhi moja utando ukapeperuka, likafunguka, kubwa kuliko mwanzo.

Halafu akaanza kunifundisha kila kitu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Zamani alikuwa ananiambia nitazame. Sasa alitaka mikono yangu ndiyo iingie. Nibadilishe maji mwenyewe, nifungue pampu niisafishe, umeme ukikatika niwashe ile ya betri bila kumwita. Siku moja akanivalisha glavu, akanipa wembe mpya, akaniambia nilikate tumbawe la ngozi. Nilikataa. Akasema halifi, kila kipande kikifungwa kwa uzi kwenye kijiwe kitashika na kuwa tumbawe zima, na Bienfait amekubali kuvinunua nitakapovikuza. Nikakata. Nikamwuliza kwa nini nijifunze mimi wakati fundi ninaye ndani ya nyumba. Akaenda kunawa, akakawia sana.

Yaya, alikuwa ameshapigiwa simu.

Unajua kwamba zamani sana, kabla hajanijua, Valère na mama yake waliandikishwa kwenda kuishi Kanada. Faili lilinyamaza miaka na miaka, na kila mtu akaamini limekufa. Tulipofunga ndoa hatukwenda kuwaeleza watu wa ofisi ya wakimbizi, maana nani humpelekea marehemu habari za harusi? Sasa limeamka. Mama mkwe wangu, Mama Marie-Louise, unajua figo zake zimekataa kazi. Anasafishwa damu kwa mashine, na wiki nyingine tunashindwa kumpeleka, anavimba miguu hadi ngozi inang'aa. Faili limeandikwa kwamba kuna mama na mwana wake asiye na mke. Akisema ameoa, yote yanasimama, mimi naanza kuchunguzwa kuanzia mwanzo, na hakuna anayejua kwa muda gani. Asiposema, wanaondoka. Lakini mtu aliyeapa hana mke hawezi kesho kuandika kwamba aletewe mke wake. Tulimuuliza anayejua mambo hayo, akasema njia hiyo hufungwa.

Valère aliamua kusema. Alivaa shati lile la harusi, akaweka cheti chetu cha kanisa mfukoni, akafika mlangoni. Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimwambia kwamba mke anaweza kungoja na figo haziwezi. Aliniambia nisimchagulie. Tuligombana, Yaya, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya chini ili Husnah asisikie, yeye akitaka kubaki na mimi nikimfukuza, na wote wawili tunalia. Nilitoa cheti mfukoni mwake kwa mkono wangu. Kwa hiyo ulikosea kuhusu yeye. Miguu yake yote miwili ilikuwa ndani. Mimi ndiye niliyeitoa nje.

Wameondoka Alhamisi. Basi liliwachukua na wenzao asubuhi, na yule bwana wa ofisi alisimama mlangoni akiita majina. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mimi ni binamu. Mama Marie-Louise alinikumbatia mpaka akashindwa kupumua, watu wakafikiri ni ugonjwa. Valère alinipa mkono. Mkono tu, kama mtu anavyomshukuru aliyekuja kwenye msiba. Akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, asante kwa kuja, binamu, wasalimie nyumbani. Nikasema safari njema, binamu. Hakutazama dirishani, nadhani kwa sababu angetazama angeshuka.

Ameniahidi kwamba akipata karatasi zake atarudi kunioa upya, mbele ya watu wote. Fikiria, Yaya, harusi mbili na mume mmoja! Namwamini. Jioni namwamini sana. Asubuhi ndiyo ngumu, naamka natayarisha vikombe viwili.

Mama mkwe amefika salama na ameshalazwa kwenye mashine yao. Hilo ndilo ninalolishika.

Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie mama mdogo kwamba kitenge chake nimekiona na nitakileta. Barua hii ukishaisoma iweke jikoni iungue, tafadhali, maana kambini maneno hutembea na faili lao bado ni changa. Nitakapokuja usiniambie kwamba uliniambia. Watu wakiuliza, sema mume wangu yuko Kampala kazini. Nje niite Marlène. Ndani, tukishafunga mlango, niite mke wa Valère, hata mara moja, nisikie mtu akilitamka.

Husnah amekubali kuangalia tangi, ameshajifunza maji gani huongezwa. Nitapanda basi la Mbarara, na kabla mwezi huu haujaisha utaniona mlangoni kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Marlène