Mrija Wako Umebaki Kwetu

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mama akisikia nimeanza bila salamu nitakiona.

Tulikuzika juma lililopita, leo tumeanua matanga. Gari lililokuleta lilikwama kwenye utelezi kabla ya kufika kwetu Murusagamba. Tukalisukuma sisi majirani, mawaziri wenzako wamesimama pembeni wakilinda viatu. Nilicheka huku nalia. Ulishika wizara ya Maji, tukapata bomba. Ukashika Kilimo, mbegu za maharage zikawahi mvua. Ukashika na Mambo ya Ndani. Ujenzi tu ndiyo hawakukupa, na barabara yetu inajua.

Ila mimi nakukumbuka ulipokuwa Mambo ya Ndani. Wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara, na kijijini watu wakaanza kututazama vibaya sisi ambao babu zetu walitoka Burundi zamani. Ulipoitisha mkutano, wakasema unakuja kutufukuza. Mama alifunga nguo zetu zote kwenye shuka. Kisha akapika pombe ya ndizi, maana wewe, mtoto wa jirani uliyekua naye, ulikuwa hupiti kwetu bila kuinywa.

Unaujua utaratibu wetu. Mwenyeji anaanza kunywa, halafu anampa mgeni mrija uleule, na anayeukataa ametangaza ugomvi. Pale mkutanoni, kijiji kizima kikitazama, mama alikunywa, akakunyooshea mrija. Askari wako akataka kuuzuia. Ukamwambia, "Acha. Huyu ni dada yangu, tumekulia kwenye chungu kimoja."

Ukanywa taratibu, bila haraka ya waziri. Hotuba yako siikumbuki hata neno moja. Namkumbuka mama jioni ile, akifungua shuka na kurudisha nguo zetu mahali pake. Nilikupenda sana siku hiyo, mjomba.

Leo ndugu zako walileta chungu na mrija wako, apewe mtu wako wa karibu. Wakubwa waliokuja na magari wakajiweka sawa kwenye viti. Kaka yako akawapita wote, akaenda kumkabidhi mama, aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wengine. Mama akanywa, machozi yanamdondoka, na hakuna aliyeuliza yeye ni wa wapi.

Mrija tumeuchomeka ukutani, karibu na mlango. Mama amechoka sasa, kwa hiyo pombe nitapika mimi. Nitaanza kunywa, kisha nitampa mrija wako yeyote atakayebisha hodi, awe ametoka upande wowote wa mpaka.

Pumzika, mjomba.

Mpwa wako