Uzito Aliobebeshwa Babu

Weston, Jumamosi, Februari 2014

Theluji ya leo ni ile mbaya, ya majimaji, ikigusa chini tu inageuka uji. Sijatoka tangu asubuhi. Nimepika chai, nikaiacha ikapoa, nikapika nyingine nayo ikapoa. Sina nguvu ya kuongea na mtu, ndiyo maana naandika.

Babu amekufa.

Niseme vizuri, asije mtu akasoma hapa akaanza kunipa pole ya msiba wa baba mkwe. Babu ni farasi. Jina lake la mbio ni refu, la Kiayalandi, hata kulitamka siwezi. Babu ni jina alilompa binti yangu Tumpe, kwa sababu ya mvi za mdomoni, na kwa sababu asubuhi akitolewa bandani alikuwa anajivuta kama mzee anayetafuta kandambili zake.

Tumpe ana miaka ishirini na tatu. Kazi yake ni kupanda farasi wa mbio za kuruka viunzi, huko Ayalandi. Kanisani wakiniuliza binti yuko wapi siku hizi, nasema anafanya kazi na wanyama. Wanadhani ni daktari wa mifugo. Nawaacha wadhani.

Mambo yalianzia hapa hapa kwetu, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Etobicoke, jirani na hapa Weston. Alipokuwa sekondari alipata kibarua cha likizo, kusafisha mabanda. Sisi tuliona ni kibarua tu. Mwaka uliofuata wakaanza kumpandisha farasi alfajiri kuwafanyisha mazoezi, kisha akaja mkufunzi mmoja wa Ayalandi kununua farasi, akamwona mwanangu, akamwambia kama unataka kazi njoo. Akaenda. Hapa farasi wanakimbia kwenye ardhi tupu. Kule wanaruka.

Baba yake hawezi kuangalia. Siku ambayo Tumpe anapanda, Baba Tumpe anabeba kapu la nguo anashuka nalo chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, na hapandi mpaka nimfuate. Hata kama nguo zenyewe tulizifua juzi.

Mimi siwezi kutoangalia.

Basi nikajifunza farasi. Sikujifunza kwa mapenzi, nilijifunza kwa woga. Watu wengine wanachunguza farasi ili wamjue atakayeshinda. Mimi namtafuta atakayeanguka. Natazama mbio zake za nyuma kwenye kompyuta, nasimamisha picha pale anaponyanyuka, narudisha nyuma, natazama tena. Anakunja miguu ya mbele vizuri? Anapinda upande mmoja? Akitua anatua imara, au pua inakaribia kugusa majani? Kazini, kwenye ofisi ya mizigo pale karibu na uwanja wa ndege, nakula wali wangu wa mchana huku natazama magoti ya farasi. Wenzangu wanaamini nacheza kamari.

Mwaka jana Tumpe akaanza kuniuliza. Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye ikawa kweli, kila kabla ya mbio anapiga simu. Juzi Alhamisi alipiga.

"Mama, unamwonaje Babu?"

Nilikuwa nimeshamtazama mpaka macho yakauma. Mbio zenyewe ni zile ambazo farasi hawabebi uzito sawa. Aliye bora anawekewa vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko, dhaifu anaachwa mwepesi, ili kila mmoja awe na nafasi. Babu alikuwa ameshinda vizuri miezi michache iliyopita, wakampandishia uzito, akashinda tena, wakampandishia tena. Safari hii ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote. Na mpandaji ambaye bado ni mchanga kazini anapunguziwa uzito kidogo. Hiyo ndiyo sababu mkufunzi alimpa Tumpe. Mwanangu aliwekwa pale mgongoni ili mzee apumue kidogo.

Uzito peke yake usingenitisha. Kilichonitisha ni mvua. Ushindi wote wa Babu aliupata kwenye ardhi kavu, na kule ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mara ya mwisho alipokimbia kwenye matope, alikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha akagonga kiunzi kwa miguu ya nyuma, akatua anayumba. Hakuanguka. Lakini niliiona ile hatua aliyoyumba, na nikairudia sana.

Kwa upande mwingine alikuwa jasiri. Hajawahi kukataa kuruka hata siku moja. Uwanja ule aliujua, na wenzake wengi walikuwa vijana wasiojua kupanga mbio zao. Mambo yakienda vizuri nilimpa nafasi ya tatu, au ya nne.

"Hashindi, mwanangu," nikamwambia. "Matope yatammaliza. Ukiona pumzi imekata mtoe pembeni, usimlazimishe."

Akacheka. "Mama, unaongea kama bosi wangu."

"Bosi wako amesemaje?"

"Amesema nimtoe akichoka. Lakini wote wawili hamjampanda asubuhi hizi. Anafurahi sana."

Nikamwambia farasi kufurahi hakupunguzi uzito. Tukaagana.

Leo, kule mchana, hapa asubuhi. Baba Tumpe alishuka na kapu. Nikafunga mlango, nikawasha kompyuta, nikaketi kwenye ukingo wa kochi, mikono katikati ya magoti.

Babu alikimbia vizuri kuliko nilivyompima. Alikaa katikati ya kundi, hakuhangaika, Tumpe amejikunja juu yake, kimya. Viunzi vya kwanza alivivuka kana kwamba havipo. Wale vijana walianza kuchoka mmoja mmoja, yeye akawa anawapita bila haraka, matope yanaruka. Walipokunja kona ya mwisho alikuwa wa pili. Halafu akawa wa kwanza.

Nikasimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilikuwa napiga kelele, "Twende Babu! Twende baba!" Mimi, ambaye kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwombea farasi kushinda, namwombea tu avuke. Leo nilisahau kuogopa. Nilitaka ashinde.

Kiunzi cha pili kutoka mwisho aliruka mapema mno. Akakigonga kwa kifua.

Kamera haimsubiri aliyeanguka. Inaendelea na wanaokimbia. Nilibaki natazama farasi wengine wanamaliza, mtangazaji anapiga makelele ya furaha, kofia zinarushwa, na mimi natafuta kwenye kona ya kioo nione japo rangi ya shati lake. Mara moja tu walionyesha kwa mbali. Watu walikuwa wanakimbia na mapazia ya kijani, yale wanayosimamisha ili watazamaji wasione. Nayajua yale mapazia. Wanamzungushia farasi. Lakini wakati mwingine wanamzungushia mtu.

Nilikaa na simu mkononi. Sikuomba. Nilikosa maneno ya kuombea.

Ikalia.

Kwa kawaida Tumpe anaanza na Kiswahili na kumalizia na Kiingereza. Leo Kiingereza kilimkimbia.

"Mama, amekufa."

"Wewe je? Wewe umeumia?"

"Bega tu. Mama, amevunjika mguu. Wamemchoma sindano pale pale. Nilimshika kichwa."

Na mimi nikasema, "Asante Mungu."

Nilisema kwa sauti. Lilitoka lenyewe, kutoka tumboni, kama mtu anavyotoa pumzi akitolewa majini. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa bega. Yeye alikuwa amepiga simu kunieleza habari za Babu.

Nikaanza kueleza, sikumaanisha hivyo mwanangu, nilikuwa na maana... Akasema kwa upole, "Najua, Mama. Daktari ananiita." Simu ikakatika.

Nikashuka chumba cha kufulia. Baba Tumpe alikuwa peke yake, amekaa kwenye lile benchi la plastiki, nguo zimeshakauka na zimeshakunjwa. Aliniangalia usoni akasimama.

"Mzima?"

"Mzima. Bega."

Akafumba macho. Kisha akayafumbua. "Na farasi?"

Nikatikisa kichwa.

Alichukua simu yangu akampigia Tumpe pale pale, katikati ya mashine. Mume wangu amekulia Tukuyu, kwenye nyumba ambayo ng'ombe akifa watu hawali siku hiyo. Mimi nimekulia Dar es Salaam, kwetu alikuwepo paka tu, na hata huyo alikuwa wa jirani.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Pole. Alikuwa anapenda kula nini?"

Nikadhani ni swali la ajabu. Lakini nikasikia Tumpe akivuta pumzi, kisha akaanza kulia, kulia kwenyewe sasa, na katikati ya kilio akawa anaongea. Alikuwa anapenda ndizi. Alikula na maganda yake. Alikuwa anamchokonoa mfukoni kwa pua mpaka ampe.

"Ndizi?" baba yake akasema. "Basi huyo alikuwa Mnyakyusa."

Tumpe akacheka. Nilisikia kicheko hicho kwenye simu isiyokuwa sikioni kwangu.

Waliongea muda mrefu. Baba Tumpe akamsimulia ng'ombe wao mmoja aliyeteleza mtoni, na jinsi baba yake alivyokaa naye mpaka mwisho. Kitu kimoja alichosema Tumpe hakitaki kunitoka kichwani. "Hakuwa amechoka, Baba. Mama alidhani atachoka. Pumzi alikuwa nayo. Alitaka tu kufika, akaruka mapema."

Labda ni kweli. Labda ni uzito, labda ni matope, labda ni furaha ile niliyoambiwa nikaidharau. Nimejaribu kurudia ile picha nione. Nimeifungua, nikaifunga kabla kundi halijafika kwenye kona. Kwa mara ya kwanza sitaki kujua.

Nilijua Babu amebeba uzito gani, na miguu yake ya nyuma inachelewa kwenye matope. Habari ya ndizi nimeisikia leo, akiwa hayupo. Sikuwahi kuuliza. Kila nilipomtazama yule mnyama nilikuwa namwona aliyembeba mwanangu, basi.

Bega litapona na Tumpe atapanda tena, namjua. Nami nitatazama tena. Nitaogopa tena. Hilo sina la kulifanya.

Jioni imeingia, Baba Tumpe ameniambia nimwache mtoto alale, kule kwao ni usiku sasa. Namwacha.

Kesho tukitoka kanisani nitampigia, na sitaanza na bega.