Pacifique Hasafiri Peke Yake

Bertrams, Johannesburg

Yaya Léocadie, dada yangu mkubwa,

Baridi imeanza huku. Ule unga wa muhogo uliotutumia umefika salama. Viza yangu ya kutafuta kazi baada ya masomo bado haijajibiwa, na wakili anasema nikivuka mpaka kabla ya jibu, ombi limekufa.

Yaya, keti kwanza.

Jumamosi watu wenye marungu walivamia duka la kaka yetu Pacifique, wakipiga kelele kwamba wageni warudi kwao. Alikuwa akishona sare za kwaya. Akawasihi, "Nipigeni mimi, hizi ni nguo za kanisa." Wakamburuta hadi barabarani, wakamponda vidole kwa pasi yake mwenyewe, kisha uso. Nilimtambua kwa futi ya kupimia iliyobaki shingoni.

Wazee wa kanisa wanataka asafirishwe kama mzigo, mimi nibaki nikilinda viza. Nimewafukuza. Kwetu maiti hasafiri bila ndugu, na Baba mlishamzika bila mimi kwa sababu ya karatasi hizihizi.

Tunafika Lubumbashi Alhamisi. Jeneza lisifunguliwe mbele ya Mama. Mchimbieni yeye kaburi, mimi nitandikieni kitanda.

Mdogo wako,
Falonne