Sauti Yangu Ilipomwita Neema

Mama mpenzi,

Ninakushika mikono yote miwili kutoka huku Bwizibwera. Goti linaendeleaje? Na mihogo ya ng'ambo ya mto imeota, ama nguruwe wameila tena? Mimi mwili ni mzima. Bado ninaosha makopo makubwa ya maziwa hapa kituo cha kukusanyia, na binti yangu Neema bado anasoma kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anakaa kwa dada yangu mkubwa, Yaya Furaha.

Nimeandika kwenye karatasi, nikampa pasta anayerudi huko kwetu Baraka, kwa sababu telefone sasa siiamini.

Jumanne ya juma lililopita, mchana, Yaya alikuwa anachambua maharagi mlangoni. Ikapiga namba asiyoijua. Akanisikia mimi. Mama, ilikuwa mimi kabisa, mpaka kile kikohozi changu kabla ya kusema. Sauti ikamwambia nimeangukiwa na makopo, niko lopitali Mbarara, telefone yangu imevunjika, na mtu wa pikipiki anakuja kumchukua Neema aje anione. Ilikuwa inalia.

Yaya akamvalisha mtoto viatu. Alinipigia namba yangu mara tatu, lakini mikono yangu ilikuwa ndani ya sabuni na telefone iko kwenye mfuko ukutani. Pikipiki ikafika. Neema alikuwa amekwisha kupanda wakati ile sauti ilipopiga tena kuharakisha. Kusikia kile kilio, Yaya akaacha Kiswahili, akaanza kunituliza kwa Kibembe, lugha ya kwetu, kama tulivyozoea tangu utoto. Sauti ikajibu kwa Kiswahili: "Yaya, fanya mbio, utume mutoto."

Akaiuliza kwa Kibembe baba yetu amezikwa wapi. Ikarudia tu kwa Kiswahili kwamba afanye mbio.

"Weye si mudogo wangu," Yaya akasema. Akamvuta Neema chini kwa nguvu, kiatu kimoja kikabaki kwenye pikipiki. Majirani wakamshika dereva.

Dereva huyo aliwapeleka polisi mpaka Base Camp, hapo hapo kambini, kwa fundi wa telefone, yule aliyebaki siku mbili na telefone ya Yaya kioo kilipopasuka. Ndani yake mlikuwa na sauti zote nilizomtumia Yaya: maombi, nyimbo za kumlaza Neema. Fundi alizichukua, akawapa watu wa Mbarara waliotengeneza sauti yangu kwa mashine. Hao hawajapatikana. Polisi wanasema wasichana wanavushwa mpaka kwenda kufanyishwa kazi nyumba za watu. Sikutaka kusikia zaidi.

Na huyo fundi ni mtu wa kwetu. Alibeba jeneza la mume wangu. Nilimwona kituo cha polisi Isingiro, nikamuuliza kwa nini.

"Watu baliniomba sauti tu, dada," akasema. "Sikujua ni ya kufanyia nini."

Dada! Nilitema mate chini mbele ya afande, na afande hakunikemea. Yaya ametambua kile kilio, Mama. Ni kile nilichomtumia asubuhi mume wangu alipokufa. Mtu alikaa akasikiliza sauti zangu zote, akachagua hiyo. Nimeoga mara ngapi tangu siku ile, na bado najisikia mchafu, kana kwamba walinivua nguo.

Kwa hiyo, ukinisikia kwenye telefone, nisemeshe Kibembe. Niulize jambo la mimi na wewe tu, na jibu lake usiliandike popote. Sitakasirika. Nikilia, uniulize mara mbili.

Jioni ya Jumanne ile nilifika Nakivale. Nikamwita Neema nikiwa bado nje. Zamani angetoka mbio. Alisimama nyuma ya pazia, nikaona miguu yake tu, nikamsikia akiuliza polepole: "Mama mukubwa, ni yeye?" Akangoja ajibiwe.

Msalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, shangazi mwenye duka la chumvi, na mama mchungaji aliyenibatiza. Wasomee barua hii yote, usiruke kitu.

Mimi mwanao uliyemzaa wa mwisho,
Riziki