Debe la Mama Adoyo

Baba Koki,

Ugali nimeufunika kwa sahani, sukuma iko kwenye sufuria ndogo. Uipashe moto. Mimi niko kwa dada Ndindi, Muthurwa, maana kwa ushirika wa akina mama leo sina uso wa kwenda.

Maji hakuna. Asubuhi nilimkuta Koki bombani akirudisha debe la Mama Adoyo nyuma ili letu litangulie. Nikamvuta sikio mbele ya foleni nzima. Akasema, “Lakini Baba hufanya hivyo kila siku akimaliza kusali.” Watu wakacheka. Mama Adoyo hakucheka, alisema tu kwamba amezoea.

Miaka sita nawaambia majirani mume wangu huwahi maji kwa sababu huamka alfajiri kuomba.

~~Nikirudi usiniongeleshe.~~ Nikirudi tutaongea. Kwanza chukua debe, nenda na Koki, liweke mwisho wa foleni, usimame nalo mpaka zamu yako ifike. Usimhubirie. Akuone tu.

Sikio lake bado linamuuma. Nilivuta sikio silo.

Mama Koki